Kupiga Magoti na Kusimama Tena

Niliwahi kwenda kwa daktari hapa Goma kwa sababu ya sikio. Lilikuwa limeziba, nikawa nasikia upande mmoja tu, na wateja wangu sokoni walikuwa wameanza kupanga bei upande ule nisiousikia. Daktari hakuliangalia sikio. Aliniangalia mimi, nzima, tangu nilipoingia mlangoni hadi kiti kilipolia chini yangu.

"Mama, kilo iko mingi," alisema.

"Munganga, ni sikio."

"Nasikia. Lakini kilo iko mingi."

Nilirudi nyumbani na sikio langu. Jirani akanitilia mafuta ya vuguvugu, nta ikatoka, nikaanza kusikia tena. Nadhani ile nta ndiyo uzito pekee niliopungua kwa msaada wa hospitali miaka yote ile.

Mimi ni mwanamke mnene. Mama yangu alikuwa hivi, na mama yake pia, kwa hiyo sikuanza jana. Nauza vitenge, na sokoni mwili huu ni mali. Nikijifunga kitambaa kipya kiunoni asubuhi, kufikia mchana kimekwisha, maana kila mama anajiambia kwamba kikimkaa huyu vizuri kitamkaa yeyote. Wananiita bosi. Wananipa nafasi ya mbele kwenye sherehe ili picha ionekane ya familia inayokula. Mwaka mmoja niliugua malaria nikapungua kidogo, na watu wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Kisha navuka barabara, naingia kituo cha afya, na mwili ule ule uliosifiwa ng'ambo ya pili unakuwa kosa nililolifanya kwa makusudi. Mizani yao inakwisha kabla yangu. Mkanda wa kupimia presha unafunguka wenyewe kwenye mkono wangu, na muuguzi ananiangalia kama niliyeuvunja. Mmoja alinishauri, kwa heshima zote, niende kujipima kwenye depo ya maharagwe. Nilimuuliza kama nikifika huko nijitambulishe kwa jina au kwa aina ya mbegu. Hakucheka.

Haya yote ningeendelea kuyabeba, maana nimezoea kubeba, kama goti la kulia lisingekataa mwaka ule ule binti wa kaka yangu alipochumbiwa.

Hapa lazima nieleze jambo. Sisi ni watu wa upande wa Bukavu tuliohamia Goma, na katika ukoo wetu, siku ya mahari, binti hatoki chumbani peke yake. Dada wa baba yake ndiye anayemtoa. Wanatembea pamoja hadi mbele ya wazee wa upande wa mume, wanapiga magoti pamoja kwenye mkeka, shangazi anatoa kikombe cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na wote wawili wanabaki chini hadi mzee anywe na arudishe kikombe. Hapo shangazi anasimama, kisha binti anasimama. Binti hasimami kabla ya shangazi yake. Akisimama kabla, inahesabika kwamba ameondoka kwao bila kuruhusiwa. Sijui kama koo nyingine hufanya hivyo, na sijauliza.

Kaka yangu huyo alifariki binti yake akiwa bado shule ya msingi, na mama wa mtoto alikuwa ametangulia. Nilimlea mimi. Nilimsuka nywele, nilimchapa, nilimlipia shule, nilimpeleka kipaimara. Hakuna kitu nilichokitaka zaidi maishani kuliko kumtoa kwenye kile chumba. Na goti langu lilikuwa likipigwa chini, haliinuki.

Nilikwenda tena hospitali, kwa daktari mwingine, mwanga mwingine wa elimu. Daktari huyu alikuwa na tumbo lililoachanisha vifungo vya koti lake jeupe, na akaniambia, bila kuinuka kitini, kwamba nipunguze uzito halafu nirudi.

"Nitapunguza namna gani?"

"Kula kidogo. Fanya sport."

Akanionyesha bango ukutani: mwanamke mwembamba wa Ulaya akikimbia mchangani kando ya bahari. Goma hatuna bahari. Tuna ziwa lenye gesi, na mchanga wetu ni mawe ya volkano ambayo hata mbuzi huyakanyaga kwa kufikiri. Lakini nilimshukuru kwa ushauri, kwa sababu nililelewa vizuri.

Habari za goti zilifika kwenye familia kabla yangu. Jumapili moja baada ya misa wakaja nyumbani kwangu, wakala sombe yangu, kile kisamvu cha kwetu, wakala samaki wangu, na walipokwisha kushiba, kaka yetu mkubwa alisafisha koo. Akasema kikao ni kuhusu mwili wangu.

"Dada, tunakupenda," alisema, akijiongezea bugali. "Tunaogopa tu haya."

"Haya ya nani?"

"Ya familia. Ukibaki pale chini, mutoto naye atabaki chini. Bakwe batasema nini?"

Walikuwa na mapendekezo. La kwanza, nafasi yangu ichukuliwe na mdogo wangu anayeishi Lac Vert, mwembamba, anayepiga magoti na kuinuka bila kumwaga maji. La pili, kama nakataa, vijana wawili wa ukoo wasimame nyuma yangu, na mzee akirudisha kikombe waninyanyue, huyu kwapa hili na yule kwapa lile. Walishachagua na vijana. Walikuwa wale wanaopakia saruji kule Munigi, yaani watu wa kazi hiyo hiyo.

Nilikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na huzuni ambayo sikuwaonyesha. Nilimtazama binti. Alikuwa anaondoa sahani mezani, macho chini, na hakusema neno. Hilo liliniuma kuliko wale vijana wa saruji. Nilijiambia kwamba naye anaona haya, tena ana haki ya kuona haya, maana siku ni yake. Mwisho tulikubaliana hivi: kama kufikia siku ya mahari naweza kushuka na kuinuka mwenyewe, nitamtoa. Kama siwezi, mdogo wangu atamtoa, nami nitakaa kwenye kiti cha mbele, ili picha ionekane ya familia inayokula.

Aliyeniambia kuhusu daktari mwingine, mwanamke, ni mteja wangu, mama mwenye umbo kama langu. Alikuwa anapima kitambaa, akasema kuna munganga fulani anayeuliza. "Anauliza nini?" nikamwambia. "Anauliza tu," akasema, "halafu anangojea umujibu." Sikumwamini, lakini nilikwenda.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilifika na majibu yote kichwani: ndiyo najua, ndiyo ni kilo, ndiyo nitakula kidogo. Kwanza alichelewa sana, simu yake ililia, akaipokea, nikasema moyoni kwamba huyu naye ni walewale. Kisha akanionyesha benchi pana lisilo na mikono. Mkanda wake wa presha ulinizunguka mkono ukabaki umefungwa. Kumbe kuna mikanda mikubwa. Kumbe mtu anaweza kuinunua.

"Mama, leo ulikuja juu ya nini?"

"Munganga, usijisumbue. Ni kilo."

"Sikuulizi bale bengine banasemaka nini. Nakuuliza weye. Ulikuja juu ya nini?"

Nikamwambia. Nilianza kwa kejeli, kama kawaida yangu, nikamweleza mkeka na kikombe na wale vijana wa saruji, lakini nilipofika kwa binti nikalia mbele ya mtu niliyemfahamu kwa nusu saa. Hakuniambia nisilie. Alisema hajaelewa vizuri shangazi anakaaje, akauliza kama naweza kumwonyesha, na nilipomwambia kwamba hilo hasa ndilo siwezi, akapiga magoti yeye, na koti lake jeupe, kwenye sakafu ya chumba chake, akashika kopo la dawa kama kikombe. "Hivi?" Nikamwambia anyooshe mgongo, ukweni hawapindi mgongo hivyo.

Baadaye akalishika goti langu. Alilikunja, akalinyoosha, akaliuliza maswali kwa vidole. Goti hilo lilikuwa limezungumziwa mji mzima na hakuna aliyekuwa ameligusa. Alisema gegedu limelika, na kwamba ajali ya pikipiki niliyoisahau zamani ilichangia. Uzito pia unalielemea, hakunificha. Ila alisema unene ni ugonjwa wa muda mrefu kama presha, una mizizi yake katika damu na ukoo na maisha ya mtu, unatibiwa kwa uvumilivu, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kupona kwa kutukanwa. Akauliza kama nataka tuuzungumzie siku ile.

"Leo hapana," nikasema.

"Sawa. Leo tuongee goti."

Sikuwa nimewahi kumwambia daktari hapana na kubaki naye chumbani.

Asije mtu akadhani alikuwa malaika. Jambo la kwanza aliloniagiza ni kutembea kila asubuhi kwenye njia iliyo sawa. Nilicheka hadi benchi likacheka nami. Njia iliyo sawa, Goma. Yeye alikuwa mgeni mjini, bado anavaa viatu vyembamba. Alichungulia dirishani, akayaona yale mawe meusi.

"Bon. Weye unajua muji. Wapi kuko sawa?"

Nikafikiri. Barabara ya lami ni ya malori. Uwanja wa mpira ni wa mawe na wa mbuzi. Mahali pekee palipo sawa, pana kivuli, pana kitu cha kushikilia, ni ndani ya kanisa la parokia yetu, ambako sakafu ilikuwa imewekwa saruji mpya. Basi tukapanga pamoja: nitatembea nikizunguka humo ndani baada ya misa ya asubuhi, na kila nikifika kwenye picha ya njia ya msalaba nitashika benchi, mguu mzuri mbele, nishuke, nitulie, niinuke. Na siku yenyewe, akasema, kikombe cha kasiksi kinahitaji kigoda cha kukiwekea, si ndiyo? Kigoda imara, cha urefu wa benchi. Nani atajua kwamba ni cha mkono wangu? Nikampenda kwa ujanja huo.

Sasa fikiria wewe ni katekista. Asubuhi, kanisa limebaki tupu, na mama mmoja mnene, muuza vitenge anayejulikana kwa mdomo, anazunguka taratibu kutoka picha hadi picha. Kila kituo anapiga magoti. Kila kituo anainuka akiguna kwa mguno unaojibiwa na dari. Hakosi siku. Siku ya kwanza katekista alivua kofia. Baada ya muda mfupi alikuwa anafungua mlango mapema kwa ajili yangu, akitembea kwa ncha za vidole.

Parokia nzima ikajua kwamba nafanya kitubio. Lililobaki ni kujua dhambi.

Nilipewa dhambi za kila aina. Wengine walisema nimemwibia marehemu kaka yangu shamba, na kaka yangu hakuwahi kuwa na shamba. Wengine walisema ni mambo ya mwanamume wa Sake. Kwa umri wangu na goti lile, nilijisikia nimesifiwa. Wengine walisema nimeuza vitenge vya China nikisema ni vya Hollande, na hao niliwanunia, kwa sababu walikuwa wanaharibu biashara. Wale wema zaidi walisema hapana, ni nadhiri, na nadhiri ya mtu anayeteseka hivyo haiwezi kukataliwa. Wakaanza kuniletea haja zao. Mmoja alitaka nimweke mtoto wake wa mtihani wa serikali kwenye kituo cha nne. Mwingine alitaka mume wake aliyeko Kisangani apige simu.

"Mama, mimi ninafanya sport," nilimwambia.

"Ndiyo, mama," alisema kwa unyenyekevu. "Watu wa Mungu banafichaka."

Mume akapiga simu. Baada ya hapo sikuwa na amani tena. Padri mwenyewe alinisimamisha akaniuliza kama ningependa kuungama. Nilimwambia ningependa lile benchi la mbele lipigwe msumari, maana linayumba.

Ningecheka hadi leo, lakini uvumi ulivuka ukafika ukweni. Watu wa mume ni wa Rutshuru, watu wa ng'ombe na wa heshima, na walituma mjumbe aulize kwa upole ni dhambi gani iliyo katika familia hii, kabla hawajaleta ng'ombe. Kikao kingine kikaitishwa, nyumbani kwangu tena, sombe yangu tena.

"Dada, tuambie tu," alisema kaka mkubwa. "Tutakusamehe."

Wote walikuwa wameinama mbele wakisubiri, hata mdogo wangu wa Lac Vert. Nilitaka kuwatungia kitu kizuri. Lakini binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na mbele yake sikuweza kufanya mchezo.

"Ninajifunza kusimama," nikasema. "Ndiyo hiyo tu. Ninapiga magoti na ninajifunza kusimama, ili nimutoe mutoto wangu."

Naamini walikuwa wamevunjika moyo kidogo. Kaka mkubwa alisema basi, mjumbe ataambiwa ni mambo ya goti, ila vijana wa saruji wabaki, kwa usalama. Binti aligeuka akarudi jikoni.

Siku ya mahari ikafika. Ukumbi ulipambwa riboni, vigae viliosha macho kwa kung'aa, na wale vijana wawili walisimama nyuma ya mkeka wakiwa wamevaa makoti ya suti, mikono tayari. Nilimshika binti mkono chumbani. Tukatoka, wanawake wakapiga vigelegele, tukafika kwenye mkeka, nikashuka vizuri kabisa, mguu mzuri mbele, kama nilivyofundishwa. Nikatoa kikombe. Ndipo nikatazama upande wa kulia na kuona kwamba kigoda changu hakipo. Mtu wa mapambo alikuwa amekiondoa. Hakikulingana na riboni.

Mzee wa ukweni alikipokea kikombe, na kabla ya kunywa akaamua kuhutubia. Alianza na babu wa babu yake. Goti likaanza kuchoma, kisha likafa ganzi, na jasho likanishuka hadi kwenye kola ya kitenge. Akanywa. Akarudisha kikombe. Nyuma yangu nilisikia viatu vya vijana vikisogea.

Nilijaribu mara moja bila kitu cha kushika. Sikuinuka. Nikajua basi, wamepata walichokitaka, na macho yakaanza kujaa.

"Shangazi, usikimbilie," binti alisema, midomo haisogei. "Muguu ya muzuri mbele. Mukono weka hapa."

Aliinamisha kichwa kama bi harusi mwenye adabu, na bega lake likashuka hadi pale pale, urefu wa benchi la kanisa. Nikaweka mkono. Bega lilikuwa imara kuliko benchi. Nikaegemea kwa uzito wangu wote, ule wote uliojadiliwa na madaktari na kaka zangu, na hakuyumba. Nikasimama. Kisha naye akasimama.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Walikuwa wameona shangazi akimwekea binti mkono begani na kumbariki kwa muda mrefu, akitokwa na machozi, kabla ya kumwachia. Mzee wa Rutshuru alifuta macho. Kaka mkubwa aliwaambia wageni kwamba hiyo ni mila yetu ya zamani. Mpaka leo mashangazi wa ukoo wetu wanatakiwa kubariki hivyo, na mdogo wangu wa Lac Vert, aliyemtoa binti mwingine wa ukoo mwaka uliofuata, aliambiwa hakuegemea vya kutosha.

Nilipomsimulia daktari wangu, alicheka hadi akavua miwani. Kisha akauliza kama sasa ningependa tuzungumze juu ya uzito. Nikamwambia leo, ndiyo. Bado tunaendelea, taratibu, na bado mimi ni mnene, na bado nauza vitenge vyote ninavyovivaa.

Lakini kabla ya hayo, jioni ya siku ile ya mahari, tulipobaki wawili chumbani nikimsaidia kuvua shanga, nilimuuliza binti alijuaje habari za mguu mzuri mbele.

"Nilikuwaka kule kanisani," alisema. "Nyuma ya nguzo. Kila asubui."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Alikuwa amenipa mgongo ili nifungue kishikizo, na nikaona kwamba begani alama za vidole vyangu zilikuwa bado zipo.

"Nilikuwa najifunza bega ishuke mupaka wapi."